Wanaoitwa Mwisho Huitwa kwa Lipi?

Tarehe 25 Juni, 2009, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, jina la pili kuitwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Klabu ya Memphis Grizzlies ilimchukua kabla ya James Harden, aliyeitwa wa tatu, na kabla ya Stephen Curry, aliyeitwa wa saba. Tangu usiku ule, kila mzazi wa nchi hii mwenye mtoto anayeinama akipita mlangoni amewahi kuambiwa na mtu fulani kwamba huyu apelekwe Marekani.

Hapa Sakina neno hilo limerudi tena. Wako watu wanaojiita mawakala, na habari wanayoiuza siku hizi imepunguzwa makali ili iaminike zaidi. Hawasemi tena kwamba mtoto wako atakuwa Thabeet. Wanasema kwamba hata akikosa nafasi ya juu, hatakosa zile nafasi za mwisho mwisho, maana huko wanatafuta watu warefu tu. Mzazi mmoja ninayemfahamu, mwenye kijana wa kidato cha nne wa futi sita na inchi nane ambaye hajamaliza mwaka tangu aanze kucheza, ametakiwa atangulize malipo kwa dola. Ameanza kuulizia bei ya kishamba chake cha urithi huko juu mlimani. Ameniuliza kama maneno ya wakala yana ukweli, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nimeona nijibu hadharani.

Kwanza tuelewane uteuzi huo ni kitu gani. Wenyewe wanauita drafti, lakini msifikiri ni ile drafti ya visoda inayochezwa chini ya mti. Klabu za NBA ziko 30. Kila mwaka zinajipanga na kuchukua vijana kwa zamu, mizunguko miwili, kwa hiyo majina ni 60, au pungufu kidogo pale klabu inaponyang'anywa zamu yake kwa kuvunja kanuni. Klabu dhaifu hutangulia, ingawa kuna bahati nasibu inayozichanganya kidogo ili pasiwe na timu ya kufungwa makusudi. Anayeitwa katika mzunguko wa kwanza hupata mkataba ambao kiwango chake kimepangwa, na miaka miwili ya mwanzo ina dhamana. Anayeitwa katika mzunguko wa pili kanuni haimpi dhamana hiyo. Klabu inaweza kumpa mkataba mzuri, inaweza kumpeleka ligi yake ndogo, na inaweza kumwambia ahsante kabla msimu haujaanza. Kwa hiyo kuitwa jina na kulipwa mshahara ni mambo mawili.

Sasa wekeni hesabu hiyo kando ya hii nyingine. Daraja la kwanza la michezo ya vyuo vikuu vya Marekani lina vyuo zaidi ya 350, na kila kimoja kina wachezaji dazeni moja au zaidi. Hao ni zaidi ya vijana 4,000, na kila mmoja wao alikuwa nyota wa shule yake. Ongezeni vijana wa Ulaya, Australia na kwingineko wanaolipwa tangu wakiwa na miaka 17. Anayeitwa wa 60 ametokea katika umati huo wote. Yule wakala anapozitaja nafasi za mwisho kana kwamba ni makombo yaliyobaki sahanini, ama hajui anachokisema au anajua sana.

Lakini swali lenyewe ni zuri na lina utamu wake. Klabu inayosubiri zamu ya 40 au ya 50, wakati vijana wote wanaojulikana wamekwisha kuchukuliwa, inamtazama nani? Kwa lipi?

Wakulima wa kahawa wa Meru watanielewa upesi. Kahawa ikifika kiwandani hupitishwa kwenye chekeche. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuata A, na kuendelea hivyo kwenda chini; na zile za mviringo, ambapo tunda limezaa punje moja badala ya mbili, hutengwa na kuitwa PB. Chekeche limepima ukubwa, basi. Halijui ladha. Ladha inamsubiri mwonjaji, yule bwana anayevuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele kisha akaitema, na neno lake lina uzito katika bei. Wako wanunuzi wa nje wanaoitafuta ile PB ya Tanzania kuliko punje kubwa.

Kimo cha mchezaji ni chekeche. Ni kweli kinahitajika, na anayesema hakihitajiki katika mpira wa kikapu anawadanganya watoto. Lakini kimo kina tabia moja: kila mtu anakiona. Mkanda wa kupimia haufichi siri. Kitu kinachoonekana na klabu zote 30 kinapanda bei mapema, na mwenye nacho anachukuliwa mapema, pengine mapema kuliko anavyostahili. Kwa hiyo kinachobaki katika zamu za mwisho, kama kipo chenye thamani, ni kile ambacho mkanda haukukiona.

Turudi kwenye mwaka ule ule wa 2009, maana una darasa zima ndani yake. Thabeet alikuwa na futi saba na inchi tatu. Alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama 15, akapitia Kenya, akaenda Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho chuoni alipata wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, ribaundi 10.8, yaani mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa, na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009, alitajwa na makocha kuwa mlinzi bora wa vyuo vyote vya nchi ile. Hayo si mambo madogo, na Mtanzania hana sababu ya kuyaonea haya.

Katika ligi ya vyuo aliyochezea, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka huo aligawana na mtu mwingine, DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huyu kwenye makaratasi alikuwa na futi sita na inchi saba, na alipopimwa bila viatu hakuzifikisha. Vyuo vyao vilipokutana Februari 2009 Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, mbele ya mtu aliyempita zaidi ya nusu futi. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Katika purukushani moja ya mchezo ule Blair alimbeba Thabeet mgongoni na kumwangusha chini, picha ambayo Wamarekani waliirudia kwenye televisheni mpaka ikachosha.

Siku ya uteuzi Thabeet aliitwa wa 2. Blair aliitwa wa 37, na San Antonio Spurs. Ufupi wake ulichangia, lakini madaktari nao walikuwa wamekuta jambo la kutisha: alikwisha kufanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili akiwa sekondari, na ile kano muhimu ya ndani inayolishikilia goti haikuwepo tena, wala kushoto wala kulia. Klabu moja baada ya nyingine ikampita. Spurs walijiuliza swali jingine: je, magoti hayo hayo si ndiyo aliyokuwa nayo alipokuwa akidaka mipira yote ile? Msimu wake wa kwanza alicheza michezo yote 82. Alidumu NBA misimu saba.

Thabeet alipofika Memphis alikuta nafasi ya mtu mrefu wa chini ya kikapu ina mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa Marc Gasol, Mhispania aliyeteuliwa mwaka 2007 katika nafasi ya 48, ambaye Memphis walimpata mwaka 2008 katika kubadilishana wachezaji. Basi aliyeitwa wa 2 akawa anakaa benchi akimtazama aliyeitwa wa 48. Februari 2010 Memphis walimpeleka Thabeet kwa muda ligi ndogo, na kabla yake hakuna aliyewahi kuteuliwa juu kiasi kile akapelekwa huko. Alizunguka Houston, Portland na Oklahoma City, akamaliza na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2. Gasol mwaka 2013 alitajwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima.

Je, dalili zilikuwepo chuoni? Naamini zilikuwepo, kwa aliyetaka kuzisoma. Katika misimu yote mitatu ya Connecticut, Thabeet hakufikisha wastani wa hata pasi moja ya kufungisha kwa mchezo. Mtu anayesimama katikati ya uwanja, mpira ukimfikia kila mara, na pasi zake hazizai kikapu, anakuambia kwamba bado hajauona mchezo wote. Alikuwa ameuanza ukubwani. Pale chuoni kimo kilimlipia deni hilo; kwenye NBA, ambako kila timu ina watu wa futi saba, deni likadaiwa.

Hata hivyo nataka tumtendee haki. Michezo 224 ya NBA ni mingi kuliko wanayoipata wengi wa wanaoteuliwa. Angeitwa wa 40 leo tungemsifu kama mtu aliyevuka matarajio. Kilichomponza ni bei waliyompachika wengine. Na mfano wa bei sahihi upo, tena wa jirani yetu. Manute Bol, Mdinka wa Sudan ya Kusini, alikuwa mrefu kuliko Thabeet kwa inchi nne, mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Alicheza mwaka mmoja katika chuo kidogo cha Bridgeport, nacho kiko jimbo hilo hilo la Connecticut. Mwaka 1985 Washington Bullets walimchukua katika mzunguko wa pili, nafasi ya 31, kwa kazi moja tu: azuie mitupo. Msimu wa kwanza alizuia 397, akaongoza ligi nzima. Kufunga hakujua, na hakuna aliyemdai.

Hapo, wasikilizaji, ndipo ulipo ufunguo wa zamu za mwisho. Mwanzoni mwa foleni klabu inatafuta mtu wa kuibeba timu. Mwishoni inatafuta mtu wa kazi moja ambayo tayari anaiweza, dakika kumi na tano kwa usiku, bila kuharibu kazi za wenzake. Swali la nani bora hubadilika kuwa nani anafaa. Kijana aliyekuwa mfalme chuoni, aliyezoea kushika mpira kila mara, anaweza kuwa hana faida yoyote akiwa mtu wa nane, kwa kuwa akinyimwa mpira hana kingine cha kufanya.

Danny Green ni mfano wangu ninaoupenda. Alikaa Chuo Kikuu cha North Carolina miaka minne, hakuwa nyota wa timu, na mwaka 2009 chuo kikawa bingwa. Cleveland walimwita wa 46, wakamwacha baada ya msimu mmoja. Spurs wakamchukua, wakamwacha, wakamrudisha. Alijua mambo mawili: kumkaba mtu, na kusimama mbali akingoja mpira autupe ndani. Katika fainali za mwaka 2013 alifunga mitupo 27 ya pointi tatu, rekodi ya wakati ule. Ana ubingwa mara tatu, na klabu tatu tofauti.

Mtu atauliza, mtupaji mzuri anajulikanaje mapema? Wengi wanatazama asilimia yake ya mitupo ya mbali. Fanyeni hesabu kidogo. Tuseme mchezaji wa chuo anatupa mara 100 za mbali kwa msimu. Aliyefunga 40 anaitwa hodari, aliyefunga 34 anaitwa wa kawaida, na tofauti yao ni mipira sita katika miezi mitano, kitu ambacho bahati peke yake inaweza kukileta. Isitoshe, mstari wa chuo uko karibu kuliko wa NBA, ambao kwa mbele uko futi 23 na inchi 9 kutoka kikapuni. Ndiyo maana wasaka vipaji wajanja wanaitazama sana mitupo ya adhabu, ile anayotupa mtu akiwa amesimama peke yake baada ya kuchezewa rafu. Hapo umbali ni ule ule siku zote, hakuna anayemzuia, na mkono unaonekana kama ulivyo. Kijana anayefunga 85 katika kila 100 za adhabu, hata kama za mbali zimemkataa msimu huu, ana mkono unaofundishika. Anayefunga 50 ana tatizo ambalo msimu mmoja wa bahati hauwezi kulificha.

Kisha umri. Hapa klabu zenyewe zinagongana. Kijana wa miaka 19 ni mche wa mbuni, unanunua kivuli cha kesho. Wa miaka 23 amekwisha kuzaa, na unajua anazaa nini. Klabu nyingi hupenda mche, na ndiyo sababu mwaka 2016 Malcolm Brogdon alisubiri hadi nafasi ya 36. Alikuwa amekaa Chuo Kikuu cha Virginia miaka mitano, mmoja aliukosa kwa jeraha la mguu, na alikuwa na miaka 23 na shahada ya pili mfukoni. Katika ligi ya chuo chake alikuwa ametajwa mwaka huo huo kuwa mchezaji bora na pia mlinzi bora, lakini wakasema amezeeka, haruki sana. Milwaukee Bucks walimchukua, na mwaka 2017 alikuwa mchezaji bora mgeni wa NBA, tuzo ambayo katika zama hizi hakuna mwingine wa mzunguko wa pili aliyekuwa ameipata. Brogdon huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 2018 mfuko wa Hoops2O, ambao umechangia visima vya maji safi hapa hapa Tanzania.

Wala msinielewe vibaya kwamba zamu za mwisho zimejaa lulu. Nimewataja waliofaulu kwa sababu wana habari ya kusimuliwa. Wengi wanaoitwa baada ya 40 hawadumu, na wapo wasiogusa hata dakika moja ya NBA. Wanaosaka vipaji kwa kazi hukosea mchana kweupe, wakiwa na vipimo vya madaktari, kanda za michezo yote na fedha za kuwasafirisha dunia nzima. Toronto Raptors waliotwaa ubingwa mwaka 2019, chini ya uongozi wa Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, hawakuwa na mchezaji hata mmoja aliyeteuliwa katika nafasi 14 za kwanza. Mmoja wa nguzo zao, Fred VanVleet, hakuteuliwa kabisa. Ujiri mwenyewe alianza kama msaka vipaji wa Orlando bila mshahara. Hawa ni watu waliokaa kwenye viti vya mbao miaka mingi wakitazama, na bado wanakosea.

Sasa wakala wa hapa mtaani, ambaye kwa maelezo ya mzazi hajawahi kukaa hata robo moja ya mchezo kumtazama kijana akicheza, ameona nini? Ameona kimo. Hata mama muuza mboga amekiona.

Kwa hiyo kwa mzazi yule, na kwa wengine, jibu langu ni hili. Kijana wa miaka 17 aliyeanza juzi hana habari na uteuzi wa NBA. Mlango ulio mbele yake, kama upo, ni wa shule na chuo. Na katika vyuo vya daraja la kwanza anayetakiwa kwa mpira hasomeshwi na baba yake. Chuo ndicho kinacholipa ada, malazi na chakula, na kocha anayemtaka mchezaji haombi fedha kwa familia. Atakachoomba ni matokeo ya masomo, tangu kidato cha kwanza, na mkanda wa video wa michezo mizima, maana vipande vya madoido haviwasaidii. Muulizeni wakala jina la chuo na jina la kocha aliyekwisha kumwona kijana. Ombeni barua iliyoandikwa na chuo chenyewe, kisha mwandikieni kocha huyo moja kwa moja kwa anwani ya chuo, si kwa namba anayowapa wakala. Jibu huchukua siku chache.

Katika siku hizo chache, nendeni uwanjani na daftari. Msiandike pointi. Andikeni mitupo ya adhabu aliyofunga na aliyokosa, mipira aliyowapoteza wenzake, mara alizompa mtu pasi akafunga, na alichofanya timu ilipopoteza mpira: alirudi mbio au alisimama akimlaumu mwamuzi. Fanyeni hivyo michezo kumi. Mkimwonyesha kocha yeyote wa kweli daftari hilo, atalisoma kabla hajauliza kijana ana futi ngapi.